Dzaleka: Ukishamaliza Kidato cha Nne, Uende Wapi?

Swali la hisabati linalomtoa jasho kijana wa Uvira, Kongo, katika chumba cha mtihani pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ndilo hilo hilo linalomtoa jasho mtoto wa karani wa wizara mjini Lilongwe. Karatasi ni moja, siku ni moja, saa ni moja. Msahihishaji hajui yupi kazaliwa Malawi na yupi alivushwa Ziwa Tanganyika mgongoni mwa mama yake. Baraza la Mitihani la Malawi, MANEB, limempa kila mmoja namba, na matokeo yakitoka waliofaulu wanapata cheti cha MSCE, kinachomwezesha mtu kuomba chuo, ualimu, unesi au kazi ya ofisini.

Kwa mtoto wa karani, ndivyo kilivyo. Kijana wa Uvira anakitia cheti chake katika mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za UNHCR na kubaki alipo, chini ya kilomita 50 kutoka mji mkuu ambao hana ruhusa ya kwenda kuishi.

Habari za elimu ya wakimbizi kwa kawaida huandikwa kwa kuhesabu madawati. Yapo machache, watoto ni wengi, wafadhili waongeze. Hayo ni kweli Dzaleka kama yalivyo kweli katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Lakini nadhani kisa cha Dzaleka kinatufundisha jambo jingine. Hapa sehemu ngumu, ile ya kumwingiza mkimbizi katika mtaala na mtihani wa taifa, ilikwisha kufanyika zamani. Kilichobaki ni rahisi kwenye karatasi na kigumu mno katika siasa.

Basi dogo litokalo Lilongwe kwenda kaskazini hufuata barabara ya M1, hupita Lumbadzi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu, kisha mashamba ya mahindi na tumbaku hadi njia panda ya Dowa. Kambi haiko mbali na hapo. Msomaji wa Kigoma au Mbeya akiingia sokoni Dzaleka hatahitaji mkalimani. Bei ya nyanya hutajwa kwa Kiswahili, vitenge huuzwa kwa Kiswahili, na ugomvi wa kisimani huanza na kwisha kwa Kiswahili, hasa cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa. Kambi ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi Wakongomani, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Wengi wamepita kwetu: Kigoma, Mbeya, Kyela, daraja la Songwe, ndipo wakaingia Karonga.

Mwaka 1994 unastahili kusimuliwa bila haraka. Ndio mwaka Dzaleka ilipofunguliwa kuwa kambi, mahali ambapo chini ya utawala wa Kamuzu Banda palikuwa na gereza la wapinzani wa kisiasa. Ndio mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Na ndio mwaka Wamalawi walipomwondoa Banda mwenyewe kwa kura, mwezi Mei, wakamweka Bakili Muluzi aliyekuja na ahadi ya elimu ya msingi bila ada. Ahadi ilitekelezwa mwaka huo huo. Wanafunzi wa shule za msingi wakaruka kutoka takribani milioni 1.9 hadi karibu milioni 3, na serikali ikaajiri walimu wapatao 20,000, wengi wao bila mafunzo, ili kila darasa lipate angalau mtu wa kusimama mbele.

Malawi haikuwa ngeni kwa wageni. Kabla ya hapo, wakati wa vita vya Msumbiji, nchi hii maskini ilibeba wakimbizi zaidi ya milioni moja, karibu mtu mmoja katika kila kumi waliokuwa ndani ya mipaka yake. Hao walirudi kwao baada ya mkataba wa amani wa Roma wa Oktoba 1992. Huenda ndiyo sababu wakuu wa Lilongwe waliwaona Wakongomani na Warundi kama wapita njia nao. Miaka 30 baadaye, watoto waliozaliwa Dzaleka wanazaa watoto Dzaleka.

Milango ya shule za msingi ilipofunguliwa, ya sekondari ilibaki vilevile. Banda alikuwa na wazo lake kuhusu sekondari: ziwe chache, ngumu, za wateule. Mfano mkubwa ni Kamuzu Academy kule Mtunthama, Kasungu, iliyofunguliwa mwaka 1981, ambako vijana waliochujwa kutoka wilaya zote walisomeshwa Kilatini na Kigiriki cha kale. Waliobaki nje walisoma kwa vijitabu vya posta na vipindi vya redio katika vituo vya elimu ya masafa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vituo hivyo, mamia kwa mamia, vikabadilishwa jina na kuwa shule za sekondari za kutwa za jamii. Wamalawi huziita kwa herufi zake tu, CDSS. Kibao kilibadilika siku moja. Maabara, vitabu na walimu wenye shahada vilichukua muda mrefu, na katika shule nyingi bado vinasubiriwa.

Mtanzania hahitaji kuelezwa sana. Mpango wa kuendeleza sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004 tulikuwa na shule za sekondari zipatazo 1,300. Kufikia 2010 zilipita 4,000, nyingi zikiwa za kata. Tulizipa majina ya kejeli, na walimu waliopikwa kwa wiki chache tukawaita voda fasta. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Hata hivyo, sitaungana na wanaosema shule za kata zilikuwa kosa. Mtu mzima aliyefanya mtihani wa darasa la saba miaka ya 1980 anayakumbuka maneno yaliyovunja nyumba nyingi: amefaulu, lakini hakuchaguliwa. Shule za kata ziliyapunguzia maneno hayo nguvu. Malawi bado yanasikika. Mtoto humaliza darasa la nane, hufaulu mtihani wa PSLCE, jina lake halitokei katika orodha ya shule za umma, na mzazi wake anajua maana yake ni shule ya kulipia au jembe.

Kwa hiyo foleni iliyoko kwenye mlango wa sekondari ya Dzaleka si ya wakimbizi peke yao. Wamo pia watoto wa vijiji vya Dowa vinavyoizunguka kambi. Mwanzoni mgeni hushangaa kukuta Mmalawi amekuja kusoma kambini, kisha anaelewa: shule iliyo karibu ni shule iliyo karibu. Kwa miaka mingi Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mzigo wa elimu hapo, kuanzia shule ya msingi ya Umodzi Katubza hadi sekondari. Walimu wengine walikuwa waajiriwa wa Malawi, wengine wakimbizi waliolipwa posho. Posho hiyo hailingani na mshahara wa mwenzao wa chumba cha pili, ingawa chaki ni ile ile na wanafunzi ni wale wale.

Hapa ndipo sheria inapoingia, tena kwa namna ya ajabu kidogo. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1987, lakini iliweka masharti yake katika vifungu kadhaa. Katika kifungu cha ajira ya mshahara haikukubali kumpa mkimbizi haki kubwa kuliko za wageni wengine. Kifungu cha elimu ya umma ilikitangaza kuwa pendekezo tu, kisichoifunga. Katika kifungu cha uhuru wa kutembea ilijiwekea haki ya kuamua mkimbizi akae wapi. Kwa karatasi hizo, Malawi ingeweza kuwaachia wakimbizi wafundishane wenyewe chini ya miti. Haikufanya hivyo. Elimu ambayo kisheria ni pendekezo, kwa vitendo ikawa shule yenye mtaala wa Malawi na mtihani wa Malawi.

Tulinganishe na kwetu. Katika kambi za Kigoma watoto wa Kikongo husoma mtaala wa Kongo na wa Kirundi husoma mtaala wa Burundi, kwa Kifaransa, kwa hoja kwamba wapo njiani kurudi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Kijana aliyesoma humo tangu darasa la kwanza anatoka na elimu ambayo mwajiri wa Kasulu, hata kama angeruhusiwa kumwajiri, hajui aipime vipi. Kenya ilichagua njia nyingine: katika kambi ya Kakuma wanafanya mtihani wa taifa wa KCSE kama Nairobi. Uganda nayo huwaingiza wakimbizi katika mitihani yake. Katika hili Dzaleka ilikuwa upande wa walio mbele, na nadhani Malawi haipewi sifa inayoistahili.

Gharama ya uamuzi huo huilipa mtoto, kwa ulimi wake. Chukua binti wa miaka 14 anayefika kutoka Bukavu. Nyumbani anasema Kimashi na Kiswahili, shuleni alikuwa akisoma kwa Kifaransa. Dzaleka anakuta Kiingereza ubaoni, maana Sheria ya Elimu ya Malawi ya mwaka 2013 iliifanya lugha hiyo kuwa ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na anakuta Kichewa mdomoni mwa mwalimu kila ufafanuzi unapohitajika. Anarudishwa madarasa mawili au matatu nyuma. Aliyekuwa wa kwanza katika aljebra anakaa na watoto wa miaka 11 akijifunza majina ya wanyama kwa Kiingereza. Wengine aibu huwashinda, wakaacha. Wanaovumilia hufika kidato cha kwanza wakiwa na ndevu, au wakiwa na umri ambao shangazi zao walikuwa wameshaolewa. Na mwisho wa safari kuna sharti lisilo na huruma: asiyefaulu Kiingereza hapati MSCE, hata awe amepata alama za juu kabisa katika fizikia.

Hata hivyo, ulimi huo huo una thamani yake: tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya SADC, na Malawi ni mwanachama. Siku wizara ya elimu ya Lilongwe itakapotafuta walimu wa Kiswahili, haitahitaji kuwafuata mbali.

Kwa wasichana hesabu ni kali zaidi. Mgao wa chakula wa WFP ukipunguzwa, na umepunguzwa mara kadhaa miaka hii, mvulana huenda kuuza sokoni au hujipenyeza Lilongwe kutafuta kibarua. Msichana huposwa. Malawi ilirekebisha katiba yake mwaka 2017 ili umri wa kuoa na kuolewa uwe miaka 18 bila mwanya, lakini njaa haisomi katiba. JRS iliendesha mradi kwa ajili ya wasichana hao na kuupa jina la Kiswahili, Naweza: msaada wa kifedha, masomo ya ziada, taulo za kike, watu wazima wa kuwasikiliza. Mambo madogo kwa macho ya wizara. Mwalimu yeyote wa kike aliyewahi kufundisha shule ya kutwa kijijini atakwambia kwamba pakiti ya taulo ndiyo tofauti kati ya siku 16 na siku 20 za masomo kwa mwezi.

Haya, binti amefaulu. Amevuka Kiingereza, amevuka uchumba, cheti kiko mkononi. Sasa?

Jibu la Dzaleka kwa swali hilo limekuwa la ujasiri kuliko unavyotarajia kambini. Mwaka 2010 ilikuwa miongoni mwa kambi za kwanza duniani kujaribu elimu ya juu ya mtandaoni ya Wajesuiti, ambapo wakimbizi walisomea stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani bila kutoka Dowa. Remy Gakwaya, mkimbizi, alianzisha hapo mafunzo ya kuandika programu za kompyuta ambayo leo yanajulikana kama TakenoLab. Innocent Magambi, aliyekulia katika kambi za nchi mbalimbali hadi akafika Dzaleka, alipata nafasi ya kusoma African Bible College mjini Lilongwe, kisha akaanzisha shirika la There is Hope ambalo hutafutia vijana ufadhili na kuwafundisha ufundi, mkimbizi na Mmalawi wa kijiji jirani wakiwa benchi moja. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na Trésor Nzengu Mpauni, msanii anayejulikana kama Menes la Plume, huwaleta watu wa Lilongwe kambini kwa maelfu. Kwa siku chache kila mwaka mji ndio hufunga safari kuifuata kambi.

Kisha kuna mlango wa Kanada. Shirika la WUSC, ambalo tangu 1978 limekuwa likiwapeleka vijana wakimbizi katika vyuo vya Kanada kwa michango ya wanafunzi wa huko, huchagua wengine kutoka Malawi. Nafasi ni chache mno ukilinganisha na waombaji. Lakini nguvu ya jambo hili haipimwi kwa waliopanda ndege tu. Ikijulikana kwamba binti wa mtaa wa pili amekwenda kusoma kwa sababu ya alama zake za MSCE, wadogo zake kumi hukesha na vitabu. Matumaini ya namna hii yanaweza kumbakiza mtoto shuleni kuliko hotuba ya mratibu wa elimu, na pia yanaweza kumwangusha vibaya. Kwa takwimu za UNHCR za 2024, duniani kote asilimia 42 tu ya vijana wakimbizi wenye umri wa sekondari wako shuleni, na wanaofika elimu ya juu ni asilimia 7. Na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizoishi miaka zikisubiri kuitwa zikaachwa na swali moja: kama hatuondoki, hapa tunaweza kuwa nani?

Swali hilo halijibiwi Denver wala Toronto. Linajibiwa Lilongwe, na mara ya mwisho Lilongwe ilipolijibu kwa sauti ilikuwa mwaka 2023. Machi mwaka huo serikali iliwaamuru wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka kufikia katikati ya Aprili. Mei, polisi wakaanza kuwakusanya mjini. Maduka ya Warundi na Wanyarwanda katika mitaa ya Lilongwe yakafungwa, na Human Rights Watch ikaripoti kwamba kati ya waliozuiliwa katika gereza la Maula walikuwemo watoto. Wafanyabiashara Wamalawi waliolalamikia ushindani walikuwa na hoja yao, na mwandishi wa kutoka nchi iliyowahi kufukuza wahamiaji kwa operesheni hana haki ya kuwahubiria. Lakini tazama kilichotokea kwa upande wa shule. Watoto waliokuwa wakisoma Lilongwe, baadhi yao tayari wakiwa na Kichewa cha ndani kabisa, waling'olewa katikati ya mwaka wa masomo na kuongezwa katika kambi ambayo madarasa yake yalikuwa yamefurika. Mkono mmoja ulikuwa ukijenga shule, mwingine ukiondoa wanafunzi.

Na shule zenyewe hazijengwi kwa urahisi. Mwaka 2018 Malawi ilifuta ada ya masomo katika sekondari za umma, ikabaki michango ya maendeleo, ada ya mitihani na gharama za bweni. Marekani, kupitia USAID, ilikuwa ikifadhili mradi wa SEED wa kujenga sekondari za vijijini. Mwanzoni mwa 2025 Washington ikasitisha misaada yake ya nje, na nchi iliyotegemea fedha hizo kupanua sekondari ikajikuta inatafuta mahali pengine pa kushika. Oktoba 2025 Peter Mutharika, aliyerudi Ikulu baada ya uchaguzi wa Septemba, alitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 elimu ya msingi na sekondari katika shule za umma itakuwa bure, isipokuwa gharama za bweni. Uganda walianza hilo 2007, Kenya 2008, sisi 2016. Malawi, iliyotutangulia wengi katika shule ya msingi, imekuwa ya mwisho kwenye mlango huu, na inauingia ikiwa na hazina nyembamba kuliko sisi sote.

Uzoefu wetu unaonyesha kinachofuata. Wanafunzi watafurika, walimu hawatatosha, na wa hisabati na sayansi ndio watakaoadimika kwanza, hasa katika CDSS za vijijini kama za Dowa. Hapo ndipo Malawi inaweza kufanya jambo ambalo sisi hatukuwa na nafasi ya kulifanya. Ndani ya wilaya hiyo hiyo wapo watu waliofundisha sekondari Bukavu na Bujumbura, na vijana wa Dzaleka wenye MSCE na stashahada, wanaofundisha kwa posho au wanaouza vocha. Kuwapa kibali cha kufundisha shule za jirani hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji wizara mbili zikubaliane, ya elimu na ile inayosimamia wakimbizi, na chama cha walimu kihakikishiwe kwamba hakuna Mmalawi anayenyang'anywa nafasi. Huko ndiko kwenye ugumu, na sidharau ugumu huo. Nchi yenye vijana wake wengi wasio na kazi haiwezi kuambiwa tu iwe na moyo mkubwa.

Jambo la karibu zaidi la kutazama ni fedha. Ada ikifutwa, serikali hupeleka ruzuku shuleni kufidia pengo, na ruzuku hupangwa kwa idadi ya wanafunzi. Sekondari ya Dzaleka ina wanafunzi wa aina mbili katika daftari moja la mahudhurio. Ofisi ya elimu ikihesabu vichwa vyote, shule itapata chaki, vitabu na karatasi za mitihani kwa ajili ya wote waliomo darasani. Ikihesabu raia peke yao, mkuu wa shule atalazimika kuwagawia wanafunzi wote fedha za baadhi yao, au kuwatoza waliobaki, ambao ndio wenye mifuko mitupu zaidi.